Jina Lako Katika Baa ya Nairobi

Baba, shikamoo.

Najua marahaba haitarudi, lakini sijui kuanza kusema na wewe kwa namna nyingine. Mama ametoka eda wiki iliyopita. Alioga, akavaa doti mpya ya kanga, akaenda kwa Mama Kabula jirani kusalimiana Kisukuma, kuulizana "mhola" na kujibizana "mhola duhu," mpaka jua likawa kali, kisha akarudi akapika ugali mwenyewe. Nilipoona anachochea kuni na kulalamika kwamba ni mbichi, nikajua nyumba imeanza kutulia. Ndipo nikachukua kalamu. Yako mengi ya kukueleza, na mojawapo hutalipenda. Nitalifikia.

Duka lipo. Cherehani naiendesha mimi. Wateja wako wa kanzu walisita mwanzoni, wakasema kanzu ya kwendea Ijumaa itashonwaje na mwanamke. Nikawaambia wanitajie nani alikuwa akizitia darizi shingoni miaka yote hii wakati wewe unapokea sifa. Wakacheka, wakaleta vitambaa. Vitambaa vyenyewe vya shida, Baba, unajua. Bafta ikija Kahama, foleni inaanza alfajiri na inapofika zamu yako unaambiwa imekwisha. Wanaonisaidia ni wachimbaji wa Segese. Wanaleta suruali zilizochanika magotini kutoka kwenye maduara yao, yale mashimo ya dhahabu, nami naweka viraka. Kiraka hakihitaji foleni.

Sasa nikueleze habari ya Idi.

Tulipokuzika, Mama hakulia sana mbele za watu. Aliingia ndani kukaa eda, na usiku wa pili akaniita. Akaniambia, "Zuhura, mimi siwezi kutoka. Nenda kamtafute mdogo wako. Arobaini ya baba yake isisomwe bila yeye." Nikamwuliza nitampatia wapi. Tangu alipoondoka na ile bendi ya dansi, hakutupata wala hatukumpata. Kisha mpaka wa Kenya ukafungwa, na sote tukapata kisingizio. Mama akasema, "Muulize Mabula."

Mabula unamkumbuka, yule mnunuzi wa dhahabu wa Segese, anayekwenda Nairobi kimyakimya na kurudi na redio na mashati. Kumbe alikwisha mwona Idi, tangu mpaka ulipofunguliwa tena. Hakukuambia kwa sababu alikuogopa. Mimi aliniambia bila kunitazama usoni: "Anapiga fidla kwenye baa ya Mzungu. Mlango wa kijani, karibu na soko kuu. Juu ya mlango wamechora kinubi cha rangi ya dhahabu. Ukiuliza baa ya Mwairishi, kila mtu anaijua."

Baa. Nilisikia neno hilo, nikasikia na sauti yako. Sikuwa mbali siku ile mlipogombana, nilikuwa nyuma ya pazia natia vifungo. Ulimwambia, "Fidla hii imeingiza maharusi ndani miaka ishirini. Haitapigiwa walevi." Idi akasema watu wanaokunywa nao wana masikio. Ukamwambia basi aende, ila asiende na jina lako. Akaenda. Nawe ukaitundika fidla yako ukutani, na chama cha taarabu kilipokuja kukuomba kwa harusi ya Ushirombo ulisema vidole vinauma.

Basi nilisafiri, karatasi za safari zilipopatikana baada ya wiki tatu. Ba'mdogo Shaabani alikataa, akasema mwanamke peke yake hadi Nairobi ni aibu juu ya msiba. Nilipanda basi hadi Shinyanga, nikaenda Mwanza, Musoma, nikavuka mpaka pale Sirari na buibui langu na kikapu chenye karanga za Mama. Askari wa upande wa pili aliniuliza nakwenda Kenya kufanya nini. Nikamwambia nakwenda kumpa mtu habari ya msiba. Akagonga mhuri, akaniambia pole.

Nairobi usiniulize sana. Sabuni zimejaa madukani na hakuna anayezipigania. Nilisimama mbele ya dirisha moja nikitazama sabuni mpaka mwenye duka akatoka kuniuliza kama naumwa.

Nilifika kwenye baa ile Jumamosi alasiri. Nilifikiri nitamwita mtu mlangoni amwite Idi, nisiingie. Lakini mlangoni hapakuwa na mtu wa kumtuma, na kelele za ndani zilikuwa kama za mnadani. Nikasema bismillahi, nikaingia. Baba, usikasirike. Niliingia kwa ajili yako.

Kuta zote kijani. Wametundika picha za punda na nyumba za mawe zilizoezekwa nyasi, nikadhani ni za kwetu kwa Wasumbwa mpaka nilipoona watu waliosimama mlangoni ni Wazungu, maskini, hawana viatu. Sikuwahi kujua kwamba wako Wazungu wasio na viatu. Watu walikuwa wamejaa: Wazungu wenye mashati wazi kifuani, Wahindi, makarani Waafrika wenye tai, na mabibi wa Kizungu wanaocheka kwa sauti. Wengi walishika glasi ndefu za kitu cheusi chenye povu jeupe juu. Mimi nikajua ni kahawa. Nikawaza, hawa wenzetu wanakunywa kahawa kwa glasi ya ukubwa huu, watalala lini? Baadaye msichana mhudumu, jina lake Akinyi, aliniambia ni bia, na akacheka mpaka akaegemea kaunta. Ila alikuwa na adabu. Alinipeleka kwenye meza ya pembeni karibu na jiko, akaifuta, akasema, "Mama, keti hapa, hakuna mtu atakusumbua." Akaniletea soda ya tangawizi.

Katikati watu wanne walikuwa wanacheza. Nakuambia, mikono imeganda ubavuni kama ya askari wa gwaride, uso umetulia kama wanasubiri basi, lakini miguu! Miguu inatwanga ubao mpaka glasi zinatikisika. Wacheza ngoma wetu wangewaonea huruma kwa hiyo mikono. Na wanaopiga muziki walikaa tu mezani kama watu wengine. Hawakuwa na jukwaa. Mzee mmoja wa Kizungu mwenye kodiani, kijana mwenye filimbi, na Idi.

Amenenepa. Ana ndevu. Lakini ameinamisha shingo kwenye fidla vilevile ulivyomfundisha, kidevu chini, macho yamefumbwa, na kile kiwiko ulichokuwa ukikipiga kwa futi ya kushonea ili asikibane. Hakikubana. Nyimbo zao zinakwenda mbio, zinajirudia, zinajirudia, na kila zinaporudi mtu anapiga kelele ya furaha. Nilikaa nikimtazama. Soda ilikuwa baridi na mikono yangu ilikuwa baridi.

Wimbo ulipokwisha alifumbua macho, akaniona.

Baba, alifurahi. Hilo ndilo lililoniuma. Sikuwa nimejiandaa kwa furaha. Alifikiri nimetumwa na wewe. Alifikiri umemsamehe. Alikuja mbio, akanishika mikono yote miwili, "Dada! Dada Zuhura! Shikamoo!" Nami kabla sijafungua mdomo, akageuka kwa watu, akapaza sauti kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza. Alisema, "Huyu ni dada yangu, ametoka nyumbani, Tanzania. Baba yangu ndiye aliyenifundisha fidla. Leo nampigia yeye, na dada atamfikishia."

Akapiga ule wako wa kuingizia bibi harusi. Ule usio na maneno. Peke yake, polepole.

Ningefanya nini? Ningesimama nimkatize? Watu wote walinyamaza. Hata wale wa kaunta waligeuka. Mzee wa kodiani alisikiliza mzunguko wa kwanza, wa pili akaanza kumfuata kwa chini, kwa adabu, kama anayebisha hodi. Idi alinitazama mimi muda wote anapiga, anatabasamu, ili nikuletee. Nami nilikaa pale na soda yangu nikijua kwamba hakuna wa kumletea.

Walipiga makofi sana. Nikamwendea, nikamshika mkono, nikamwambia tutafute mahali pa kusemea. Akanipitisha jikoni hadi kwenye stoo, pamejaa kreti za bia mpaka juu. Nikamwambia, "Idi, baba ameondoka."

Akauliza, "Ameenda wapi?"

Sikuweza kulirudia lile neno. Nikasema, "Tumemzika Ijumaa, wiki nne sasa, baada ya sala."

Akakaa juu ya kreti. Hakulia. Aliitazama ile fidla mikononi kama imeletwa na mtu mwingine. Kisha akauliza aliumwa nini. Kifua. Muda mrefu? Tangu mavuno. Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa njia nzima tangu Shinyanga: "Alinitaja?"

Nilimwambia kweli, Baba. Nilimwambia hukumtaja, hata siku moja. Lakini nilimwambia pia kwamba kila jioni ulikuwa unaniambia niizungushe redio niitafute Nairobi. Ulikuwa ukisema unataka habari. Lakini habari zikianza ulikuwa husikilizi, na muziki ukianza ulikuwa unainua mkono tunyamaze. Ikipita bendi yenye fidla unaiweka redio sikioni. Ikiisha unasema, "Haya, zima." Mama alijua. Mimi nilijua. Na wewe ulijua kwamba tunajua.

Idi alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Dada, mimi sijapiga redioni hata siku moja."

Hapo ndipo alipolia.

Sasa nimefika kwenye lile ambalo hutalipenda. Mwenye baa aliingia stoo kutafuta kreti, akatukuta. Wanamwita Bwana Desi. Ni mtu mnene mwenye uso mwekundu, alikuja Kenya zamani kujenga barabara akabaki, na Kiswahili chake ni kile cha barabarani. Alitutazama, akavua kofia. "Nani kufa?" akauliza. Idi akamwambia. Bwana Desi akanipa mkono, akasema, "Pole mama. Pole sana. Kwetu mtu kufa, sisi hapana acha yeye peke yake." Akaniuliza jina lako. Nikamwambia Salumu bin Idi. Akalirudia mara mbili ili asikosee. Nilifikiri anataka kuliandika.

Alitoka, akapiga kaunta kwa kiganja. Ukumbi mzima ukanyamaza. Akasema maneno kwa Kiingereza, sikuyaelewa, nikasikia tu "fidla" yao na jina lako. Na watu wote wakasimama. Wote, Baba, Wazungu na Wahindi na makarani na akina Akinyi. Wakainua zile glasi nyeusi juu, wakasema kwa sauti moja, "Salumu bin Idi!" Wakanywa.

Nilisema astaghafirullah moyoni. Wewe uliyekuwa ukivuka barabara ili usipite mbele ya kilabu cha pombe pale Nyahanga, baa nzima ya Nairobi imekunywa kwa jina lako. Sikuweza kuwazuia. Na nitakuambia jingine: sikutaka kuwazuia. Walilitamka vibaya, lakini walilitamka wakiwa wamesimama. Mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa karibu nami alikuwa na machozi, na hakukujua. Nikainua soda yangu nami nikalisema.

Usiku ule nililala nyumbani kwa Idi, Pumwani. Ndiyo, ana nyumba. Ana mke, Halima, mtoto wa watu wema, anasali na anapika pilau kunizidi. Na wana mtoto wa kiume, ameanza kusimama kwa kushikilia kitanda. Jina lake Hamisi. Nilimwuliza Idi kwa nini hakumwita Salumu kama desturi. Akasema, "Nilitaka, Dada. Halafu nikawaza, siku akimwaga maziwa nitamgombezaje? Nitasimama nimfokee baba?" Tulicheka mimi na yeye mpaka Halima akaja kutazama kama tumechanganyikiwa. Msiba una mambo yake.

Hajawahi kunywa, Baba. Sikumwuliza. Halima aliniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kama mtu aliyejua nimekuja na swali hilo kikapuni. Alisema anarudi nyumbani ananuka moshi wa sigara za watu, anaoga, anasali isha.

Bwana Desi alimpa ruhusa, tukarudi wawili. Tulifika Kahama siku moja kabla ya arobaini. Majirani walikuwa wanachambua mchele uani, sukari ilikuwa imepatikana kwa balozi wa nyumba kumi baada ya kubembelezwa sana. Na mlangoni alisimama Ba'mdogo Shaabani. Aliona ndevu, aliona sanduku la fidla begani. Hakuitikia shikamoo ya Idi. Akasema, "Mikono iliyotoka baa haitashika msahafu wa kaka yangu."

Idi akasema, "Ba'mdogo, sikushika pombe. Nilishika fidla."

"Ni hiyohiyo iliyomuua baba yako."

Watu waliacha kuchambua mchele. Idi aliweka sanduku chini, akarudi nyuma hatua moja, nikaona anataka kuondoka. Ningemshika vipi mtu mzima?

Ndipo Mama aliposema kutoka ndani, nyuma ya pazia la chumba chake. Hakupaza sauti. Unajua sauti yake ile ya kuita kuku, tulivu. "Shaabani. Huyo ni mwanangu. Mume wangu alimfukuza, na mume wangu alimtafuta redioni mpaka anakufa. Wewe unamfukuza kwa ajili ya nani? Ukimzuia hapo mlangoni, mimi nitavunja eda yangu sasa hivi, nitoke na nguo hizi, nimpokee mwanangu barabarani watu wote waone."

Ba'mdogo akasogea. Upana wa mtu mmoja kupita, si zaidi. Idi akaingia, akapiga magoti mbele ya Mama, na pazia likafungwa. Sijui walisema nini. Nilikwenda kumalizia mchele.

Kesho yake Idi alisoma msahafu na wenzake, amekaa karibu na Ba'mdogo, goti kwa goti. Aliposahau mahali, Ba'mdogo ndiye aliyemwonyesha kwa kidole. Jioni tulikuja kaburini kwako. Uliona mwenyewe, sina haja ya kukueleza. Hakuleta fidla. Alisema hapo si mahali pake.

Nilimwomba abaki, Baba. Nilimwambia duka ni lake, mimi nitamshonea, yeye apokee wateja, na jioni apige kwenye harusi kama wewe. Alikaa siku chache, akakaa kwenye cherehani, akashona mfuko wa suruali ukakaa nyuma mbele. Akasema, "Dada, duka hili lina mwenyewe, na ni wewe." Kisha akarudi Nairobi. Sikufurahi. Bado sijafurahi. Lakini alimuaga Mama vizuri, na alimuaga Ba'mdogo, na safari hii alituachia mahali pa kumwandikia.

Nadhani nimekueleza yote. Mvua zimeanza, na kaburi lako limeshuka kidogo upande wa kichwani. Nimekwisha sema na mtu wa kuleta udongo.

Mwezi wa Ramadhani Halima atakuja na mtoto. Nitamleta kwako, naahidi. Nitamwambia hapa amelala babu yako, aliyekuwa fundi, aliyeingiza maharusi ndani, aliyekuwa anatugawia sisi nyama yake na kusema meno yanauma. Na akikua, akaniuliza kwa nini babu hakuja kumwona, sitakupamba. Nitamwambia babu yako alikosea jambo moja, alijua kwamba amekosea, na akaugua kabla hajajua namna ya kulisema. Nitamwambia hivyo ili yeye akikosea asingoje.

Mungu akupe nafasi huko, Baba, na akuangazie. Lala. Nakuja Ijumaa kung'oa majani.

Binti yako,
Zuhura